Gari Lisilotaka Laptopu Nyingine

Watu wakisikia kwamba natunza gari la mbio za Formula, nyuso zinawachangamka. Wanataka kujua linakimbia namna gani, kama nimeliendesha, kama nimewahi kukutana na wale madereva wa kwenye televisheni. Siku hizi najibu kwa kifupi kwamba kazi yangu kubwa ni kuchemsha maji, kisha nangoja wabadilishe mazungumzo.

Ni kweli lakini. Injini ya gari lile ilitengenezwa kwa kubanwa sana. Ikiwa baridi, vyuma vyake vimeshikana kiasi kwamba ukilazimisha kuizungusha utaivunja. Kwa hiyo unapasha maji kwenye tangi la pembeni, unayasukuma kwa pampu yapite ndani ya injini, yarudi, yapite tena, mpaka chuma kitanuke na kulegea. Asubuhi nzima inaishia hapo. Baada ya hapo ndipo unaanza kuibembeleza kompyuta ya gari. Hakuna ufunguo wa kuzungusha wala kitufe cha kubonyeza. Kuna laptopu ya zamani, nzito kama tofali, inayounganishwa ubavuni mwa gari kwa waya mnene, na laptopu hiyo isipokubali, gari haliwaki hata ukilia.

Nimelia. Si mara moja.

Nilikuja Durban kutoka Nakuru kusomea elektroniki, nikamaliza, nikapata kazi bandarini kwenye yadi ya makontena ya friji. Kila kontena la aina hiyo lina kompyuta yake ndogo ya kulinda baridi, na mimi nilikuwa natengeneza hizo kompyuta, jua likiniwakia mgongoni na malori yamepanga foleni hadi nje ya geti. Ilikuwa kazi ya kelele na chumvi, lakini ilikuwa kazi yenye akili. Kitu kikifa, unaagiza kingine, kinakuja, unafunga, unakwenda nyumbani.

Anko nilimjua pale. Huku Durban kila mzee wa Kihindi ni Anko, hata kama hamna undugu wowote, na huyu alikuwa na malori yaliyobeba makontena kwa miaka mingi. Alipozeeka aliyauza yote. Mkewe alidhani sasa watakwenda kutembelea wajukuu ng'ambo. Badala yake Anko alinunua gari la mbio la miaka ya tisini, lililokuwa la timu moja ndogo ya Ulaya ambayo ilishakufa, na gari likaja kwa meli ndani ya kontena kama mzigo wowote wa viatu au matairi.

Aliniita nikalione. "Binti, wewe ni mtu wa kompyuta," aliniambia. Kiingereza chake ni cha hapa hapa Durban, cha haraka na cha kukatakata, na mimi namtafsiri. "Hii nayo ni kompyuta. Sema tu ina magurudumu."

Lilikuwa kwenye ghala lake la zamani la malori, nyuma ya bandari, upande ule ambao upepo ukigeuka unanusa sukari inayosubiri meli. Lilikuwa refu, jembamba, la chini kuliko meza, rangi ya buluu imechubuka puani. Nililizunguka mara mbili nikijifanya nakagua. Kusema kweli lilikuwa zuri, na mimi nilikuwa nimechoka na friji. Nikakubali.

Pale ghalani nilimkuta fundi wa injini, Mkongomani wa Lubumbashi, mwembamba, mwenye mikono mirefu, aliyekuwa akitengeneza mitambo ya mgodini kabla ya kuhamia huku na familia yake. Wanaishi South Beach, juu kabisa kwenye ghorofa ambalo, kwa maneno yake, lifti ni hadithi ya kuwasimulia watoto. Siku ya kwanza nilimwita kaka. Akakataa.

"Miye niko mukubwa kwako, dada. Uniite yaya."

Kwao yaya ni kaka au dada mkubwa. Kwetu Kenya yaya ni msichana wa kulea watoto. Nilicheka mpaka akaudhika, nikamweleza sababu, akaudhika zaidi. Jina likabaki hivyo hivyo.

Yaya alishika injini na gia, mimi nikashika umeme. Nilimwonea wivu tangu mwanzo. Mpira wa kuzuia mafuta ukikauka na kupasuka, na hautengenezwi tena popote duniani, yeye alikuwa anakwenda kwa mtu anayechonga vipuri vya pampu za meli, anarudi na mpira mpya mfukoni. Kitu cha kushikika kina mwenyewe, mtu wa kukitengeneza. Cha kwangu hakikuwa na mwenyewe.

Kompyuta ya gari ilitengenezwa izungumze na laptopu ya aina moja tu, ya wakati wake. Nilijaribu laptopu mpya. Ilikuwa na kasi mno: programu ilifunguka, ikauliza swali, haikungoja gari lijibu, ikajifunga. Nikaandika programu nyingine ya kuifanya laptopu mpya ijifanye ya zamani. Gari likagundua. Na hata kama lingekubali, programu yenyewe haikufunguka bila kidude kimoja cha plastiki, ukubwa wa kiberiti, kinachochomekwa nyuma ya laptopu pale pa waya wa printa. Kidude hicho ndicho kilikuwa leseni. Usipokuwa nacho, programu inakuona mwizi.

Waliotengeneza programu hiyo hawapo tena. Niliandika barua pepe kwa kila mtu niliyedhani aliwahi kuigusa. Alinijibu mstaafu mmoja tu, kwa upole mkubwa, kwamba anaikumbuka vizuri na kwamba hata wao waliichukia.

Bahati nzuri gari lilikuja na laptopu yake na kidude chake. Mwaka wa kwanza tuliliwasha ghalani mara chache. Kelele ile siwezi kuieleza. Mabati ya paa yalitetemeka, walinzi wa maghala ya jirani wakatoka nje mbio, na Anko akawa amesimama katikati ya moshi, ameziba masikio, anacheka machozi yakimtoka. Hakuwahi kukaa ndani. "Nitakaa siku litakapokwenda," alisema. "Kukaa kwenye gari lililosimama ni mchezo wa watoto."

Kisha laptopu ikafa. Kioo kilianza kwa kufifia upande mmoja, nikawa nasoma herufi kwa tochi, halafu asubuhi moja haikuwaka kabisa. Nilizunguka maduka yote ya simu na kompyuta mjini, mengi yake ya Wakongomani. Mmoja aliigeuza mkononi, akaniangalia kwa huruma.

"Mama, hii njo ya musée," alisema. "Uende ku musée." Alimaanisha makumbusho.

Hatimaye nilirudi kwenye yadi ya makontena. Nilikumbuka kwamba zamani kabisa, kabla yangu, walikuwa wanasoma rekodi za friji kwa laptopu za namna ile. Bosi wangu wa zamani alifikiri kidogo, akanionyesha mlango wa stoo. Ulikuwa umezuiwa usijifunge kwa laptopu. Aina ile ile. Niliiokota, nikaifuta vumbi, nikaweka jiwe mahali pake. Ile laptopu iliwaka mara ya kwanza nilipoibonyeza, baada ya miaka yote ya kuwa jiwe la mlango, na nilikasirika. Sijui kwa nini nilikasirika. Labda kwa sababu vitu vilivyotunzwa kwa pamba ndivyo vilivyokuwa vinanifia.

Nilirudi ghalani na laptopu yangu kwapani, nikaihamishia programu kutoka kwenye diski ya ile iliyokufa, nikamwambia Yaya aweke maji motoni. Nikageuka kuchomeka kile kidude. Hakikuwepo.

Tulipekua ghala zima. Tulihamisha matairi, tukamwaga makopo ya misumari, Yaya akaingia chini ya gari kwa tumbo. Nilimpigia Anko simu mara kadhaa na kila mara alisema yeye hajui, yeye si mtu wa kompyuta, si ndiyo maana aliniajiri mimi? Wiki zikapita. Kisha siku moja, katikati ya hadithi nyingine kabisa kuhusu binamu yake, akasema kwamba kuna wakati aliipeleka ile laptopu iliyokufa nyumbani kuwaonyesha marafiki, na "kile kitu kilichotokeza nyuma" kilikuwa kinaizuia kuingia kwenye mkoba, basi akakichomoa.

"Ukakiweka wapi, Anko?"

"Mahali salama."

"Mahali salama wapi?"

"Binti, ningekumbuka ningekuambia."

Nilikwenda nyumbani kwake mwenyewe. Mkewe, ambaye sisi tunamwita Anti, ni mama mwenye umbo dogo, mwepesi, anayesikiliza huku mikono yake ikifanya kazi nyingine. Nilimweleza. Alikwenda kwenye droo ya jikoni, ile ya betri zilizokufa na kamba za mpira, akakitoa.

"Hiki? Mimi nilidhani ni cha geti."

Alinikalisha, akanipa chai na samosa, akakaa mbele yangu. Nilikuwa nimekuja na hasira zangu zote zimepangwa, na nikaona kwamba yeye anazo nyingi kuliko mimi.

"Alikuwa hivi hivi na malori," aliniambia. "Usiku anaamka kuyatazama. Tofauti ni kwamba malori yalikuwa yanakwenda."

Baada ya hapo nilidhani tumepumzika. Gari likawaka tena, na Anko akapata habari kwamba kuna uwanja wa mbio wa mtu binafsi kusini ya mji, katikati ya mashamba ya miwa, ambako wenye magari ya zamani hukutana na kuyatembeza. Akatuandikisha. Akaanza kuwaalika watu. Na ili waalikwa waone kitu cha maana, akaamua kuliogesha gari.

Nilifika ghalani Jumatatu nikalikuta linang'aa. Anko alikuwa amevaa mabuti ya mpira, ameshika ile mashine ya kufyatua maji kwa nguvu aliyokuwa akioshea malori, uso umejaa fahari.

"Vipi? Kama jipya!"

Nilipiga magoti nikafungua soketi ya kwanza ya umeme, pale nyaya zinapoingia kwenye kompyuta. Maji yalitoka kama kwenye kikombe. Yaya alikuja akachungulia begani kwangu.

"Eish," alisema. Hilo ni neno la hapa, na Yaya huliweka akiba kwa misiba. Kisha polepole, akikionyesha kisanduku cha kompyuta: "Dada, boîte iko na mayi ndani."

"Naona, yaya."

"Mayi mingi."

"Naona!"

Durban si mji wa kumwagia umeme maji. Hewa yenyewe ina maji na chumvi. Ukiacha sufuria nje inashika kutu kabla hujamaliza kula. Tulizifungua soketi zote, tukazikausha kwa mashine ya kukaushia nywele iliyotoka saluni kwa mke wa Yaya, nikazisugua pini moja moja. Zile nilizoziona nilizisafisha. Zile nisizoweza kuziona, ndani ya kompyuta yenyewe, nilizifikiria kila siku.

Nikaenda kwa Anko na pendekezo ambalo nilikuwa nimeshalitoa mara nyingi. Kuna kompyuta za kisasa zinazotengenezwa kwa ajili ya magari ya mbio. Unatoa ya zamani, unafunga mpya, unavuta nyaya mpya, unaweka upya mahesabu ya mafuta na cheche, na kutoka siku hiyo gari linawaka kwa laptopu yoyote. Nilikuwa nimelifanyia utafiti jambo lile. Nilikuwa na michoro.

"Hapana," alisema Anko.

"Anko, hii iliyopo inakufa."

"Hata mimi nakufa. Umeniona natafuta kichwa kingine?"

"Magari mengi ya aina hii yamebadilishwa. Hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua. Kile kisanduku kilikuwepo gari likiwa mbioni kweli. Ukikitoa, mimi nitabaki na nini? Nitabaki na sanamu yenye kelele."

Nilitoka nje nikasimama kwenye kivuli cha ukuta. Yaya alinifuata.

"Mais muzee iko na haki kidogo," alisema.

"Usianze."

"Minasema tu. Kidogo."

Siku ya uwanjani tulifika mapema na lori, gari, tangi la maji, jenereta, laptopu imefungwa kwenye blanketi la mtoto wa Yaya. Kulikuwa na joto la unyevunyevu, miwa imesimama kimya pande zote, na kundi la tumbili juu ya uzio likitazama vikapu vya chakula vya wageni wa Anko. Wenzetu walikuwa na magari ya zamani ya kawaida, yenye funguo. Waliyawasha, wakazunguka, wakarudi, wakanywa soda. Sisi tulikuwa tunachemsha maji.

Jenereta ilizimika mara moja, tukaanza upya. Laptopu iliganda mara moja, tukaanza upya. Anko alikuja kila baada ya muda mfupi akiwa na mgeni mpya, akimweleza mambo ya injini ambayo mengi hayakuwa ya kweli. Hatimaye injini ikapata joto, nikasoma namba kwenye kioo, nikamwinulia Yaya kidole. Akaingiza kile chombo cha kuzungusha injini nyuma ya gari, kama drili kubwa, na gari likawaka. Tumbili wote walitoweka juu ya uzio kwa pamoja. Watu waliangusha vikombe. Anko alinishika bega, akapiga kelele kitu ambacho sikukisikia, akaanza kuvaa kofia ngumu.

Tulizima ili aingie. Aliinua mguu mmoja, akauweka juu ya kiti, akainua wa pili, akashika kingo mbili na kujishusha. Alishuka mpaka kiunoni. Hapo akasimama.

Tulidhani ni kiti. Tukatoa kiti. Alishuka kidogo zaidi, magoti yakakwama chini ya usukani. Tukatoa usukani. Sasa magoti yaliingia lakini mabega hayakuingia, na lile ganda la kaboni halina mahali pa kupanuliwa. Gari lile lilitengenezwa likimzunguka kijana mwembamba wa Ulaya, na Anko ni mtu aliyekula vizuri maisha yake yote. Wageni walianza kutazama miwa. Hatukuwa tumewahi kumpima. Miaka yote ile tulihangaika na maji, nyaya, mipira, vidude, na hakuna kati yetu watatu aliyewahi kuuliza kama mwenye gari anaenea garini.

Yaya na mimi tulimvuta kwa makwapa mpaka akatoka. Alivua kofia, akaitazama ndani kama mtu aliyedondosha kitu humo, kisha akampa Yaya.

"Wewe ni mwembamba," alisema. "Nenda."

Tulirudisha kiti na usukani, Yaya akaingia. Aliwahi kuendesha mitambo ya mgodini yenye matairi marefu kuliko nyumba. Lile gari lilimzimikia mara tatu, na kila likizima ilinibidi nichomeke laptopu tena, nisubiri, tuzungushe tena. Mara ya nne likaondoka. Lilipita mbele yetu polepole, linakoroma na kukohoa, halafu Yaya akalizoea, sauti ikapanda, likawa mstari wa buluu nyuma ya miwa. Mzunguko wa kwanza ulikamilika. Anko alisimama kwenye ukingo, mikono nyuma, akigeuza kichwa kufuata sauti.

Kwenye mzunguko wa pili sauti ilikatika. Haikupungua, ilikatika tu, kama redio iliyochomolewa.

Tulitembea. Gari lilikuwa limesimama upande wa mbali kabisa, ubavuni mwa miwa, na Yaya amekaa juu ya tairi akijifuta jasho. Nilichomeka laptopu. Kioo kikabaki cheusi kwa upande wa gari: hakuna jibu. Kompyuta ya gari haikuwepo tena. Nilijaribu tena na tena ingawa nilijua.

Anko alifika nyuma yetu, anahema, shati limemganda mgongoni. Alikuwa anatabasamu.

"Mmesikia?" alisema. "Mmesikia pale kwenye kona?"

Ndipo nikamwambia. Nilimwambia mbele ya Yaya, jua likiwa utosini, nimeshika waya mkononi. Nilimwambia kwamba gari hili limeuawa na yeye. Kwamba kila tulichokitengeneza yeye alikiharibu kwa mapenzi yake, kwa mashine yake ya maji, kwa mikoba yake, kwa wageni wake. Kwamba nimekuwa nikimwomba kwa adabu kitu kimoja tu, kompyuta mpya, na amenijibu kwa mzaha. Kwamba nimechoka. Sauti yangu ilikuwa juu na niliisikia ikirudi kutoka kwenye miwa.

"Dada," Yaya alisema chini chini. "Dada, haiko vile tunasemaka na muzee."

Anko hakukasirika. Alitazama gari, akanitazama mimi, akaanza kusukuma. Tulilisukuma pamoja hadi mwisho, watatu, na wageni wakatupigia makofi tulipofika, jambo lililozidisha ubaya wote.

Siku chache baadaye alinipigia simu.

"Funga hiyo mpya," alisema. Akakata.

Nilipaswa kufurahi. Nilitoa michoro yangu, nikaanza kuagiza. Niliitoa kompyuta ya zamani kwenye gari nikaibeba nyumbani, Cato Manor, nikijiambia nataka tu kujua imekufa na nini, kwa ajili ya elimu. Jumapili baada ya ibada nilitandika gazeti juu ya meza ya chakula nikaifungua.

Hayakuwa maji. Maji yalikuwa yamefika pembeni na kuacha doa la kijani, basi. Kilichoiua ni vile vikopo vidogo vya bati vinavyohifadhi umeme kidogo, kapasita, ambavyo vya miaka ile vinajulikana kwa kuvuja vikizeeka. Vilikuwa vimevuja polepole kwa miaka, labda tangu huko Ulaya, na kilichotoka ndani yake kilikuwa kimekula njia za shaba zilizo chini. Vingekufa Anko aoshe asioshe. Nilikaa nikaviangalia. Nilihisi uso ukinipata moto, na hapakuwa na mtu wa kumkasirikia pale mezani.

Ningeweza kufunga kifuniko na kuendelea na kompyuta mpya. Ilikuwa inakuja, ndiyo niliyoitaka, na nilikuwa sahihi kuitaka. Badala yake nilivitoa vile vikopo, nikasafisha ubao kwa spiriti, nikaweka vipya nilivyokuwa navyo tangu siku za friji, na pale njia za shaba zilipoliwa nikanyoosha waya mwembamba kama unywele. Kila waya nilioushika niliutukana. Nilipoiunganisha na umeme na kuchomeka laptopu, kioo kiliuliza lile swali lake la kijinga, na kompyuta ya gari ikajibu.

Yaya alipoiona ghalani aliweka mikono kiunoni.

"Donc weye ulitaka ya mupya mwaka muzima. Muzee anakupatia ya mupya. Na sasa unatengeneza ya zamani?"

"Nyamaza, yaya."

"Miye nanyamaza. Nauliza tu."

Anko nilimweleza ukweli kwenye simu, kuhusu vikopo, na kwamba haikuwa mashine yake ya maji. Nilingoja anisute. Akauliza kama anaweza kuliosha tena. Nilimwambia hapana mara nyingi mpaka akakata simu.

Tulirudi uwanjani msimu wa baridi ulipoanza, safari hii bila wageni. Anti alikuja, amebeba chakula, amevaa sweta juu ya sari. Yaya alizunguka, safari hii akamaliza mizunguko yake yote na kurudi mwenyewe, na Anko alimlaumu kwamba anaendesha kama anapeleka watoto shuleni. Tulilipandisha gari juu ya stendi zake za chuma, matairi ya nyuma hewani, injini ikingali na moto, ili nisome namba za mwisho. Anti alikuwa amesimama karibu akitazama lile tundu la dereva.

"Mimi naenea humo," alisema.

Alivua viatu, akakusanya sari yake, akaingia. Aliteleza ndani kama mguu kwenye soksi. Usukani ukamfika sawasawa kifuani. Yaya akamtazama Anko, Anko akanitazama mimi, nami nikaangalia laptopu kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kuangalia.

"Liwasheni," alisema Anti.

Yaya akazungusha. Gari likawaka. Nilimwonyesha Anti pedali kwa ishara, nikamwonyesha kidogo, kidogo, kwa vidole viwili. Akakanyaga kidogo. Akatabasamu. Akakanyaga tena, si kidogo, na ile sauti ikapanda ikapita juu ya miwa, juu ya paa la lori, ikaingia mfupani. Namba kwenye kioo changu zilikimbia kuelekea mahali ambapo hazikupaswa kufika.

"Anti, basi!" nilipiga kelele. "Inatosha! Anti!"

Hakunisikia, au alinisikia. Anko alikuwa kando yake, ameinama, anampigia makofi. Nilichomoa waya wa umeme wa gari na likazima, na katika ule ukimya tulisikia tone, tone, tone chini ya injini. Yaya alijilaza, akachungulia, akatoka na mafuta kidoleni.

"Mupira," alisema. "Ule wa nyuma. Wa kwanza kabisa, ule sikubadilisha."

Anti bado alikuwa amekaa ndani, ameshika usukani, akiuliza kama limeharibika sana, au kama anaweza kurudia mara moja tu.